Daniel Bernoulli, Tabibu wa Pumzi

Katika ukurasa huu tumezoea kukusimulia habari za majemadari, wafalme na wapigania uhuru. Mtu tunayemleta leo hakupata kuamuru hata kikosi kimoja. Alikuwa tabibu kwa shahada na mwalimu kwa kazi, na aliaga dunia mwaka 1782, miaka zaidi ya 100 kabla ya gari la kwanza la petroli kutambaa barabarani. Hata hivyo hakuna dereva wa jeshi wala wa polisi ambaye hajafaidi jasho lake. Jina lake ni Daniel Bernoulli, nasi tulikumbushwa habari zake mahali ambapo hatukutazamia kabisa, yaani katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi.

Tulikuwa mjini Lilongwe kwa shughuli za kikazi. Wenyeji wetu walikuwa maofisa wa jeshi la Malawi, jeshi ambalo mwaka 2013 lilipeleka vijana wake mashariki ya Kongo pamoja na wa Tanzania na wa Afrika Kusini, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kuwakabili waasi. Siku ya mapumziko tukaomba kupelekwa Dzaleka, kwa kuwa tuliambiwa kwamba huko tutasikia Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Mahali hapo pako wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka mji mkuu. Zama za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walifungwa humo. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu wapatao 10,000 au 12,000, na sasa wamekwisha kupita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ni mji kamili: una maduka, vinyozi, makanisa, misikiti, na kama ilivyo kila mji wa Afrika, una mafundi wa magari chini ya miti.

Chini ya mti mmoja tulikuta pikapu ya petroli, injini ya lita 2.4, boneti i wazi, na watu watatu wamesimama kwa namna ya watu waliokwisha kutukanana. Walikuwa mwenye gari, dereva wake na fundi. Hatukuwa na sare siku hiyo, lakini inaonekana nywele zetu na namna tulivyosimama vilitutaja, kwani mwenye gari alitugeukia mara moja akatuita afande na kutushitakia. Gari lile lilikuwa likipeleka mahindi na maharage sokoni Lilongwe, na usiku likipeleka wagonjwa hospitali. Kwa muda wa miezi mitatu lilikuwa likila mafuta kupita kiasi na kushindwa vilima. Karakana moja ya mjini ilikwisha kumbadilishia plagi, pampu ya mafuta, na hata sensa ya kupimia hewa iingiayo kwenye injini. Fedha zikaenda, ugonjwa ukabaki. Basi akakata shauri kwamba hakuna ugonjwa wowote, ila dereva ananyonya petroli na kuiuza. Siku hiyo hiyo alikuwa amekusudia kumpeleka kituo cha polisi.

Dereva alikuwa kijana wa Kirundi, naye hakusema neno. Mkimbizi aliyeshitakiwa kwa wizi ugenini ana mengi ya kupoteza, na hilo tulilisoma usoni mwake. Fundi, mtu wa makamo kutoka Bukavu, alituomba sote subira ya saa moja. Alikuwa na mashine ndogo ya kusomea injini, kioo chake kimepasuka pembeni. Alikuwa na saa ya kupimia mvuto, aina ile ya zamani yenye mshale. Na alikuwa na daftari la shule. Akasema hatafungua nati hata moja kabla ya kupima pumzi ya gari.

Tuwaache hapo kidogo chini ya mti wao, maana neno hilo la pumzi lina asili yake.

Ukoo wa Bernoulli wenyewe ulikuwa ukoo wa wakimbizi. Katika karne ya 16 walikuwa wafanyabiashara wa Antwerp, mji uliokuwa chini ya Wahispania, nao kwa kuwa walikuwa Waprotestanti walikimbia mateso ya dini, wakapitia Ujerumani, na mwisho wakatua Basel, Uswisi, ambako waliuza viungo na madawa hata wakapata uraia na heshima. Kutoka katika duka hilo walitoka wanahisabati ambao dunia haijaona ukoo mwingine mfano wake. Daniel alizaliwa tarehe 8 Februari, 1700, mjini Groningen, Uholanzi, ambako baba yake, Johann, alikuwa profesa. Mwaka 1705 ami yake Jakob alifariki, na Johann akarudi Basel kukalia kiti chake cha hisabati.

Johann alikuwa mtu wa akili kubwa na moyo mdogo. Baba yake mwenyewe alikuwa amejaribu kumfanya mfanyabiashara, naye akakataa. Walakini alipopata mtoto alimlazimisha yale yale. Daniel akapelekwa kujifunza biashara, akashindwa. Ndipo baba akaridhia asome utabibu, lakini si hisabati, akidai kwamba hisabati haina fedha. Hisabati kijana aliipata nyumbani kwa kaka yake Nikolaus, na utabibu akausoma Basel, Heidelberg na Strasbourg. Mwaka 1721 alitunukiwa udaktari kwa tasnifu juu ya jambo moja: jinsi kiumbe anavyovuta na kutoa pumzi.

Akiwa na shahada mkononi aliomba kazi ya ualimu katika chuo kikuu cha Basel. Desturi ya pale ilikuwa kuchagua profesa kwa kura miongoni mwa waliofaa, naye kura ikamkataa mara mbili. Akaenda Venice kuendelea na utabibu. Huko akaugua, na akiwa mgonjwa akabuni saa ya mchanga ya merikebu ambayo isingevurugwa na mawimbi; Chuo cha Sayansi cha Paris kikampa tuzo mwaka 1725. Mwaka huo huo yeye na Nikolaus waliitwa St. Petersburg, Urusi. Baridi na homa za mji ule hazikuwa na huruma: mwaka uliofuata Nikolaus akafa. Mwaka 1727 akaja Mwuswisi mwingine kijana, Leonhard Euler, aliyekuwa mwanafunzi wa Johann, wakaishi na kufanya kazi pamoja.

Ni huko Urusi ambako tabibu huyu alifanya jambo linalotuhusu. Alikuwa akifikiri juu ya damu katika mishipa. Akachukua bomba lenye maji yanayokwenda, akalitoboa ubavuni tundu dogo, akasimamisha humo mrija wazi. Maji yakapanda katika mrija hadi kimo fulani na kutulia. Alipobadili mwendo wa maji, kimo kikabadilika. Akaona kwamba panapokuwa na mwendo wa kasi, msukumo wa maji juu ya kuta za bomba hupungua. Panapokuwa na mwendo wa pole, msukumo huongezeka. Matabibu wa Ulaya walipopata habari wakaanza kupima nguvu ya damu kwa kuchoma mrija mwembamba wa kioo katika mshipa wa mgonjwa. Tiba yenyewe iliuma, tukubali, lakini kwa mara ya kwanza tabibu alikuwa na kipimo cha kutazama, hakubahatisha tu kwa rangi ya uso.

Mwaka 1733 alirudi Basel, safari hii kufundisha elimu ya viungo vya mwili na elimu ya mimea. Mwaka uliofuata Chuo cha Paris kiligawa tuzo yake kuu kati ya watu wawili walioandika juu ya mizunguko ya sayari: Johann Bernoulli na Daniel Bernoulli. Baba mwingine angechinja ng'ombe. Johann alikasirika kulinganishwa na mwanawe, akamfukuza nyumbani kwake.

Kitabu alichokianza Urusi kilitoka Strasbourg mwaka 1738, nacho ni *Hydrodynamica*. Humo imo kanuni ile ya mwendo na msukumo, ambayo Euler baadaye aliipa sura ya mlinganyo tunayoijua. Humo pia, katika sura ya 10, Daniel alieleza hewa kuwa ni kundi kubwa la chembe ndogo mno zinazorukaruka huku na huko, na kwamba msukumo wa hewa ni mapigo ya chembe hizo ukutani. Wenzake hawakuliona jambo hilo kuwa la maana. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo likathibitishwa. Mwaka 1797 Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliieleza tabia ya bomba lililobanwa katikati, na kutokana na bomba hilo mafundi wakapata koo la kabureta. Kila aliyeendesha Land Rover za zamani ameitumia kanuni ya Bernoulli bila kujua: hewa inapita kooni kwa kasi, msukumo unashuka, petroli inanyonywa.

Sasa turudi Dzaleka. Fundi alikuwa amekwisha kuchomeka saa ya mvuto katika mpira mdogo unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini, kama vile tabibu wa mwaka 1740 alivyochomeka mrija katika mshipa. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mshale ukasimama inchi 15 za zebaki. Hapo mmoja wetu, ambaye alipata kusoma ufundi pwani, alitaka kutamka hukumu, kwa kuwa tulifundishwa kwamba injini nzima huonyesha kati ya 18 na 21. Fundi akatabasamu. Yeye alijifunza kazi Bukavu, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, akajua tangu ujana kwamba mshale hupoteza kama inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda, maana hewa ya juu ni nyepesi. Lilongwe iko mita 1,050 hivi. Inchi 15 katika uwanda ule si ugonjwa. Sijui ni injini ngapi nzima zimefunguliwa nyanda za juu kwa sababu ya fundi aliyekariri namba za Dar es Salaam.

Kisha akatazama mashine yake ya kusomea. Katika magari ya siku hizi hewa inayoingia hupimwa na sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita huupoza, na kompyuta ya gari huongeza umeme ili joto lisishuke. Kwa kiasi cha umeme huo hujua gramu za hewa zinazoingia kila sekunde. Hiyo si kanuni ya Bernoulli, lakini swali ni lile lile alilouliza: kiasi gani kinapita? Gari likiwa limesimama, sensa ilisoma gramu 3 hivi, na kwa injini ya lita 2.4 hapakuwa na la ajabu. Karakana ya mjini ilikuwa imeishia hapo. Gari lililosimama halihitaji hewa nyingi, kwa hiyo hata njia ikiwa imezibwa nusu hujionyesha zima.

Fundi akafanya hesabu katika daftari mbele yetu, nasi tunainakili kwa faida ya madereva. Injini ya mikupuo minne huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, lita 2.4 huvutwa mara 1,500, ndizo lita 3,600 kwa dakika, yaani lita 60 kwa sekunde. Pwani lita moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu 1.2, katika uwanda wa Lilongwe ni kama gramu 1.05. Kwa hiyo silinda zikijaa kabisa, sensa ingesoma gramu 63. Lakini injini ya kawaida haijai kabisa. Ikipata sehemu 80 katika 100 ni nzima. Basi alitazamia gramu 50.

Tukapanda pikapu, dereva kwenye usukani, fundi na mashine yake pembeni, sisi nyuma juu ya magunia, tukaelekea kilima cha njia ya Dowa. Gia ya pili, pedali imekanyagwa hadi mwisho, mizunguko 3,000. Namba ikapanda ikasimama kwenye 33.

Hapo ndipo penye utambuzi. Gramu 33 zina maana mbili. Ama hewa ni nyingi na sensa inasema uongo, ama sensa inasema kweli na hewa ni chache. Ukibadilisha sensa bila kujua lipi ni lipi, unacheza bahati nasibu na fedha ya mwenye gari. Shahidi wa kuamua ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Kama kipima hewa kinadanganya kwa kupunguza, kompyuta hutoa petroli kidogo kuliko hewa iliyoingia, moshi hutoka na oksijeni ya ziada, na kompyuta hulazimika kuongeza mafuta asilimia 15, 20 au zaidi ili kusawazisha. Kama hewa inaingia kwa njia ya pembeni baada ya sensa, mathalani mpira umepasuka, nyongeza hiyo huonekana zaidi gari likiwa limesimama, nayo hupungua injini ikikimbia. Katika pikapu ile marekebisho ya mafuta yalikuwa asilimia 2 tu, kusimama na kukimbia. Kwa maneno mengine sensa ilikuwa mkweli. Injini ilikuwa imebanwa pumzi.

Imebanwa wapi? Chujio la hewa lilikuwa safi. Tuliporudi chini ya mti fundi aliishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 na kutuambia tuutazame mshale wa saa ya mvuto. Ukaanza 16, na kwa muda wa dakika moja ukateremka polepole, 14, 12, hata 9. Injini inayoshindwa kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Akafungua nati za bomba la moshi karibu na injini, kelele ikawa kubwa, na mshale ukarudi mahali pake. Masega yaliyo ndani ya ekzosi, yale ya kusafishia moshi, yalikuwa yameyeyuka na kuziba. Huenda ni plagi mbovu za siku zilizopita zilizopeleka humo petroli isiyoungua. Dereva alikuwa akikanyaga zaidi na kupanda kwa gia ndogo ili kufikisha mzigo, na hiyo ndiyo petroli iliyopotea.

Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita kijana pembeni, wakasemezana kwa Kirundi, na hatukuona haja ya kuulizia tafsiri. Neno la polisi halikutajwa tena.

Daniel Bernoulli hakupata mtu wa kumpimia kesi yake kwa wepesi huo. Kwenye jalada la *Hydrodynamica* alikuwa amejiandika kuwa mwana wa Johann, pengine kwa kutafuta amani. Amani haikuja. Johann aliandika kitabu chake juu ya elimu hiyo hiyo ya maji, nacho kilipochapwa, miaka michache baada ya kile cha mwanawe, kilibeba mwaka 1732, ili ionekane kwamba baba alitangulia. Nyinyi askari wa upelelezi mnaijua hila hiyo. Ni tarehe ya uongo katika kitabu cha matukio. Mwaka 1743 Daniel alimwandikia Euler kwa uchungu kwamba matunda ya kazi ya miaka 10 yamenyang'anywa kwa mara moja. Wako waliomwamini baba, kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa zaidi. Hukumu ya wanahistoria ilikuja kumrudishia Daniel haki yake, lakini yeye hakuwapo kuisikia.

Johann alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1748. Miaka miwili baadaye Daniel alipewa kiti cha fizikia, kazi iliyokuwa yake tangu mwanzo, akafundisha hadi mwaka 1776 kwa majaribio yaliyojaza ukumbi. Tuzo za Paris alizotwaa, peke yake au pamoja na wengine, zilifika 10. Utabibu pia hakuutupa. Mwaka 1760 alipeleka Paris hesabu juu ya ndui, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto kwa maelfu, akaonyesha kwamba kama watu wote wangechanjwa kwa njia ya wakati ule, wastani wa maisha ungeongezeka kwa miaka mitatu hivi, hata ukihesabu wale ambao chanjo yenyewe ingewaua. Hakupata kuoa. Alifariki Basel tarehe 17 Machi, 1782, akazikwa huko huko katika kanisa la Mtakatifu Petro.

Kabla ya kuondoka Dzaleka tulimwuliza fundi kama alipata kulisikia jina la Bernoulli. Hakulisikia. Akatuomba tumwandikie, akatupa daftari, nasi tukaliandika kwa herufi kubwa chini ya zile namba, 63, 50 na 33. Masega mapya yalikuwa ghali. Akasema ataweka bomba tupu kwa wiki chache, ingawa moshi utakuwa mchafu, ili gari lipate kufanya kazi ya kulipia. Siku ya pili alitupelekea habari Lilongwe kwa simu: kilima kile kile, gia ile ile, gramu 49.